Simu hutii neno, haijui nia



Mpenzi msomaji, baadhi yenu, akina mama wenzangu, mmeniuliza mzazi afanye nini anapomkuta mwanawe ameinamia simu yenye kioo cheusi, kisicho na picha wala vitufe, ila maandishi meupe mstari juu ya mstari. Wengi hudhani kijana amejiingiza katika wizi wa mitandaoni. Nami nilidhani hivyo, mpaka nilipouliza.

Kioo kile ni cha programu iitwayo Termux, isiyo na malipo, ya simu za Android. Ndani yake mna Bash, programu inayosoma amri zilizoandikwa kwa herufi na kuzitekeleza. Bash ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1989 na Brian Fox, na hadi leo inatumiwa na mafundi wanaoendesha kompyuta kubwa za intaneti. Badala ya kugusa faili moja moja kwa kidole, mtu huandika sentensi moja, simu ikaifanya kazi hiyo mara mia. Amri zikiandikwa katika faili ili zitumike tena, faili hiyo huitwa skripti. Hivyo kijana ambaye nyumbani kwao hakuna kompyuta anaweza kujifunza kazi ya kitaalamu kwa simu tu. Hiyo ni elimu yenye manufaa, na sikuona sababu ya kumzuia mwanangu mwenye umri wa miaka 15.

Siku moja simu yangu ilijaa. Akaniambia, "Mama, niachie mimi, nitakupangia." Nikampa. Alikusudia kuzikusanya picha zote katika folda moja aliyoiita "picha". Akaandika:

for f in *.jpg; do mv "$f" picha; done

Maana yake ni hii: kila faili ya picha iliyopo hapa, ihamishie "picha". Sentensi ilikuwa sahihi, lakini folda yenyewe alikuwa hajaiunda. Na amri ya mv ina kazi mbili: kuhamisha faili na kuibadili jina. Kwa kuwa folda yenye jina hilo haikuwapo, simu ilifahamu kuwa imeamriwa kubadili jina. Picha ya kwanza ikaitwa "picha". Ya pili nayo ikaitwa "picha", ikachukua mahali pa ile ya kwanza na kuifuta. Ikaendelea hivyo hadi mwisho. Zilikuwa picha 217, ikabaki moja. Simu haikuuliza wala haikuonya, na kilichofutwa kwa njia hiyo hakiendi katika kapu la taka kikasubiri kurejeshwa.

Miongoni mwa picha hizo zilikuwamo za mama yangu mzazi, Allah amrehemu, aliyefariki mwaka jana.

Usiku ule, baada ya sala ya Isha, kijana alisimama mlangoni pa chumba changu akasema, "Mama, sikukusudia." Nilijua hakukusudia. Nilinyamaza kwa muda, kwa kuchelea kutamka neno ambalo ningelijutia. Kisha nikamwita, akaketi, nikamwambia: Mola wetu huitazama nia ya mja wake, na mzazi naye hujaribu kuitazama. Simu haiwezi. Imepewa neno, nayo hulitenda neno hilo kama lilivyo. Basi mwenye kuiamrisha hana budi kulipima neno lake kabla ya kulitoa.

Baba yake alitaka programu ile iondolewe siku hiyo hiyo. Tulishauriana, tukaona kwamba kosa lenyewe limekuwa somo, na kumnyang'anya elimu baada ya kulipa gharama yake ni kupata hasara mara mbili. Tulimwachia kwa masharti, nami nayaweka hapa kwa faida ya wazazi wengine.

Kwanza, asiguse faili za mtu mwingine kabla ya kuziwekea nakala mahali pengine nje ya simu hiyo. Mali ya mtu mkononi mwako ni amana, hata ikiwa ni ya mama yako.

Pili, aijaribu amri kabla ya kuitekeleza. Akitanguliza neno echo mbele ya mv, simu itaandika tu kile ambacho ingekifanya, bila kugusa kitu.

Tatu, aandike kwa tahadhari:

mkdir -p picha
for f in *.jpg; do mv -n "$f" picha/; done

Mstari wa kwanza huiunda folda iwapo haipo. Alama ya -n huizuia simu isifute faili yenye jina linalofanana. Mkwaju baada ya "picha" huieleza kwamba hiyo ni folda. Isipokuwapo, simu itakataa badala ya kukisia.

Nne, asinakili amri ya mtu asiyemjua kabla ya kufahamu kila neno lake. Termux peke yake haizifikii picha za simu mpaka mwenye simu aandike termux-setup-storage na kutoa ruhusa. Baada ya hapo, amri yoyote mbaya inaweza kuzifikia. Mzazi na aulize kama ruhusa hiyo imetolewa.

Shangazi yake aliyeko Tanga alikuwa na picha 31 za marehemu nilizowahi kumtumia, akazirudisha. Kijana aliandika skripti ya kuzipanga, lakini hakuiendesha. Aliiweka echo kwanza, akaniletea simu nisome. Nilisoma mistari yote 31, mmoja baada ya mwingine, ndipo nikamwambia, "Bismillah, endelea."

Wabillahi tawfiq.