Amri ya Muda Bado Ni Amri

Mwanzoni mwa mwaka wa 1988, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Mataifa ya Amerika, yenye makao yake San José, Costa Rica, ilikuwa ikisikiliza kesi za raia waliotoweka nchini Honduras. Tarehe 5 Januari, mwanajeshi mmoja aliyeitwa kutoa ushahidi aliuawa. Siku tisa baadaye, Miguel Ángel Pavón, mtetezi wa haki aliyekwisha kutoa ushahidi, aliuawa pamoja na mwalimu Moisés Landaverde. Kesho yake Mahakama iliiamuru Honduras iwalinde mashahidi waliosalia. Amri ilikuja, lakini mauti yalikuwa yametangulia.

Hapo ndipo inapodhihirika maana ya zile ziitwazo amri za muda. Kesi ya haki za binadamu huchukua miaka, ilhali mwenye kutishwa huenda asiuone mwezi ujao. Maadamu hatari ni kubwa, ni ya haraka, na hasara yake haiwezi kufidiwa, mahakama hulazimika kuamuru ulinzi kabla ya hukumu. Hukumu gani itamfaa maiti?

Kwa bahati mbaya, lugha yetu imewapa wakaidi pa kujificha. Wasikiapo "ya muda", hudhani ni amri hafifu, kama kibanda cha muda kinachosubiri nyumba halisi. La hasha! Katika kirai hicho, "muda" hueleza urefu wa maisha ya amri, wala haugusi nguvu zake. Amri ya siku thelathini hufunga kwa siku thelathini sawasawa na ile ya milele.

Wala tusidhani kuwa haya ni ya Amerika pekee. Mnamo Oktoba 2009, Waogiek wa Msitu wa Mau walipewa ilani ya siku thelathini wahame. Shauri lao likafika katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, mjini Arusha, na tarehe 15 Machi 2013 Mahakama hiyo iliiamuru Kenya irejeshe vizuizi vya kuuza na kuhamisha ardhi huko Mau, na ijiepushe na tendo lolote ambalo lingeiharibu kesi. Hukumu ilitolewa Mei 2017, ikawapa Waogiek ushindi. Mnamo Juni 2022 ikaamuliwa walipwe fidia ya zaidi ya shilingi milioni 157. Hata hivyo, Novemba 2023, nyumba zao zilibomolewa huko Sasimwani, Narok.

Wapo watakaosema kwamba msitu ni chemchemi ya maji yetu sote, na kwamba taifa huru halipaswi kuamriwa na majaji wa Arusha. Hoja ya msitu ilitolewa mbele ya majaji hao, ikapimwa, ikashindwa. Kuhusu uhuru wetu, Kenya iliridhia Itifaki ya Mahakama hiyo mwaka wa 2004 kwa hiari yake. Ahadi ni deni.

Mahakama ya Arusha haina polisi wala jela. Nguvu yake ni neno la serikali zilizoahidi kulitii, na sauti ya raia wanaoujua wajibu huo. Basi, mwalimu mwenzangu, utakapofundisha vivumishi na virai, wape wanafunzi wako mfano wa "amri ya muda". Nawe mwanafunzi, ukiulizwa ni neno lipi lenye uzito hapo, jibu bila kusita: ni "amri".