Half of a Yellow Sun: Kama ni baridi, mbona iliogopwa?

Hebu tazama Half of a Yellow Sun (2013), filamu ya Biyi Bandele iliyotokana na riwaya ya Chimamanda Ngozi Adichie. Wahakiki wengi waliipokea shingo upande: ati mapenzi ya Olanna na Odenigbo yamefunika vita vya Biafra vya 1967 hadi 1970. Wana hoja. Ugwu, mtumishi wa nyumbani ambaye riwayani tunaona mengi kupitia macho yake, hapa amesukumwa pembeni. Lakini 2014, bodi ya filamu Nigeria iliichelewesha kwa miezi, ikihofiwa ingechochea vurugu. Sasa jiulize: filamu baridi hivyo inaogopwaje? Itazame, ila riwaya usiiruke. Humo ndimo utamsikia Ugwu.