Wimbo Usio na Kufuli

Anunuaye kitabu hukisoma sebuleni au barazani, wala muuzaji hamfuati kumuuliza amekifungulia wapi. Nyimbo za intaneti hazikuanza hivyo. Duka la Apple lilipofunguliwa Marekani mwaka 2003, wimbo uliuzwa kwa senti 99 za dola, lakini ulitiwa kufuli: ulikubali kompyuta chache tu, na haukuweza kupigwa katika vifaa vingi vya kampuni nyingine.

Mwaka 2008 madhara yake yalidhihirika. Yahoo ilitangaza kufunga duka lake la nyimbo pamoja na mitambo iliyotoa funguo. Waliolipa kwa halali wakatambua kuwa wakibadili kompyuta, mali yao ingebaki bubu. Kampuni iliahidi kuwafidia, lakini somo lilikwisha kueleweka: mwenye ufunguo ndiye mwenye mali.

Amazon ilianza kuuza nyimbo zisizo na kufuli mwaka 2007, na mwaka 2009 Apple nayo ikaziondolea zake. Sisi twaona hiyo ilikuwa haki ya mnunuzi. Hata hivyo, kufuli likiondoka, amana hubaki. Kunakili wimbo kutoka kompyuta yako hadi simu yako ni kutumia mali yako. Kuwarushia watu mia katika kundi la WhatsApp ni kugawa jasho la mtunzi na mwimbaji.

Wazazi, tuwafundishe watoto tofauti hii mapema. Kabla ya kulipa tuulize: tunauziwa, au tunaazimwa? Tukishalipa, tujiulize: amana tumeitunza?