Tumbawe si ua, lina kinywa

Sisi wanaisimu huwafundisha wanafunzi wetu kwamba jina la kitu si kitu chenyewe. Funzo hili aghalabu huonekana kavu darasani. Hata hivyo, yapo mahali ambapo kulisahau huleta mauti, nayo ni katika ufugaji wa matumbawe ndani ya matangi ya kioo yenye maji ya chumvi.

Ufugaji huu umeshamiri majumbani Ulaya na Marekani. Wanunuzi wengi huyachagua matumbawe kwa rangi, mithili ya maua ya kupambia sebule, wakayawashia taa na kungoja yachanue. Baada ya muda nyama hunywea, likabaki gofu jeupe la chokaa. Mwenyewe hudhani limeugua, kumbe limekufa njaa.

Kosa hili ni kongwe. Hadi karne ya 18 wataalamu wa Ulaya walishikilia kwamba matumbawe ni mimea. Katika miaka ya 1720 tabibu Mfaransa, Jean-André Peyssonnel, alidai kwamba yale yaliyoitwa maua ni wanyama. Hakusadikiwa. Neno "ua" lilikuwa limekwisha kuwafumba wasomi macho.

Ni kweli kwamba matumbawe mengi yajengayo miamba huishi na mwani mdogo mno ndani ya miili yake, nao huyalisha kwa njia ya usanisinuru. Kwa matumbawe hayo, mwanga ni riziki. Lakini kanuni hiyo haiyahusu matumbawe yote. Yapo yasiyo na mwani huo kabisa, ambayo hunasa vijidudu vinavyoelea majini kwa minyiri yake.

Mfano ni Tubastraea, lenye rangi ya machungwa, ambalo Waingereza wamelibandika jina la "tumbawe la jua". Kinaya kilichoje! Aghalabu hukaa mapangoni na chini ya majabali, penye kivuli, na minyiri yake huchomoza hasa usiku. Anayelifuga hana budi kulilisha mara kadhaa kwa juma, kinywa baada ya kinywa, kwa vipande vidogo vya kamba, akitumia kijibomba. Mabaki nayo huoza na kuyajaza maji naitrati na fosfati. Kwa hivyo sehemu ya maji sharti ibadilishwe mara kwa mara. Usione vyaelea, vyaundwa.

Dendronephthya, tumbawe laini la rangi za kupendeza, ni gumu zaidi. Uchunguzi uliofanywa katika Bahari ya Shamu na kuchapishwa mwaka wa 1995 ulionyesha kwamba hula hasa vimea vidogo mno vielavyo majini. Bahari huliletea mlo huo kwa mikondo isiyokoma, jambo ambalo ni muhali katika tangi la sebuleni. Mengi hufa kabla ya mwaka kutimia. Rai yangu ni kwamba asiyeweza kulilisha asilinunue, hata likiuzwa kwa bei ya kutupa.

Yamkini msomaji atauliza, haya yatuhusu nini sisi tulio karibu na Bahari ya Hindi? Yatuhusu, kwani nasi tuna upofu wetu. Waungwana wa pwani walijenga nyumba na misikiti kwa matumbawe, na wengi wetu tungali tunalisikia neno hilo kama jina la jiwe. Mzungu aliona ua, Mswahili akaona jiwe. Kinywa hakikutajwa na yeyote.

Nawasihi walimu wa sayansi na wa lugha washirikiane katika jambo hili. Mwanafunzi anapoandika kwamba matumbawe hulishwa na mwani, aongeze neno "mengi", kwani neno hilo moja hubeba ukweli wote. Na kabla ya kutuambia tumbawe lina rangi gani, na atuambie linakula nini.