Shangazi alisema "I stay here"

Mliosikiliza kipindi cha wiki iliyopita mtakumbuka nilivyochekwa niliposema kwa Kiingereza, "I stay in Woluwe." Mwenzangu akanirukia palepale: "Una-stay? Kwani uko hotelini?" Tukacheka, tukaendelea. Lakini jambo lile limenikaa kichwani wiki nzima, maana neno hilohilo liliwahi kutuletea shida nyumbani, na siku ile mchekaji nilikuwa mimi.

Kwanza tuelewane linatoka wapi. Mtu akikuuliza "Unakaa wapi?" anataka kujua kwako ni wapi. "Kukaa" kunabeba mengi: unakaa kwenye kiti, unakaa kimya, shati linakukaa vizuri, na unakaa Woluwe-Saint-Lambert karibu na metro ya Tomberg, kama mimi. Ukilitia neno hilo kwenye Kiingereza, linatoka "stay". Ndiyo maana Dar, Nairobi au Kampala utaulizwa "Where do you stay?" na utataja mtaa wako bila wasiwasi. Hata Waskoti huuliza hivyohivyo. Kwa hiyo sikubali kwamba ni Kiingereza kibovu.

Shida inaanza ukivuka kwenda kwa wasikilizaji wengine. Kwa Kiingereza kinachofundishwa shuleni hapa, "live" ni nyumbani kwako, na "stay" ni kwa mgeni: siku tatu hotelini, wiki mbili kwa binamu, halafu unaondoka.

Sasa, shangazi yangu. Alikuja kutoka Mwanza kukaa nasi, wakati huo tuko manispaa nyingine ya Brussels. Mnajua utaratibu wa hapa: unatangaza anwani yako, kisha polisi wa mtaa anapita kuhakikisha kweli upo. Akaja asubuhi moja. Shangazi hakuwa na Kifaransa wala Kiholanzi, basi wakaongea Kiingereza. Akaulizwa kama anaishi pale. Akajibu kwa kujiamini, "Yes, I am staying here with my brother." Mpaka lini? Shangazi akatabasamu: "Until God wishes."

Mimi nilikuwa jikoni, nina miaka kumi na sita, nasikia kila kitu. Nilijua tofauti ya maneno yale mawili, nilishaifanyia mtihani. Badala ya kutoka nikamsaidia, nilibana kicheko.

Baadaye barua ikaja: shangazi ameonekana ni mgeni wa muda, hajathibitishwa kuwa mkazi. Tukaanza upya. Miezi ikapita bila kitambulisho, na bila kitambulisho hapa kila dirisha unaloenda unarudishwa. Baba alidhani ni njama. Shangazi alidhani amewakosea adabu. Mimi nilinyamaza, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Angalieni jambo hili. Kutokana na "kaa" tumepata mkazi, makazi, makao. Tanzania, karatasi inayomruhusu mgeni kuishi nchini inaitwa kibali cha ukaazi. Yaani shangazi alichagua neno zito kuliko yote aliyokuwa nayo. Kichwani mwake alisema: hapa ndipo makazi yangu. Sikio la yule bwana likasikia: napita tu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Sisi tuliokulia hapa tuache kucheka Kiingereza cha wazazi wetu, na tuache pia kujifanya kwamba tofauti haipo. Kwenye fomu, kwenye usaili wa kazi, mbele ya afisa, sema "live". Ukiwa kwa mama mdogo Nairobi, sema "stay", hakuna atakayekushangaa. Mbona kwa Kiholanzi tunakubali? Shuleni tulifundishwa kwamba chupa "inasimama" mezani na kitabu "kinalala", tukakariri, na hakuna aliyetuambia Kiswahili cha nyumbani kina kasoro. Kila lugha ina namna yake ya kumweka mtu mahali.

Halafu kama upo, na umesikia neno limeanguka vibaya, toka jikoni. Sema, "Shangazi, anamaanisha kama hapa ni kwako." Sekunde tano tu.

Shangazi bado yupo nasi. Mgeni akimuuliza kwa Kiingereza, anajibu "I live here," kisha ananiangalia kuona kama nitacheka. Akipiga simu Mwanza anasema, "Nakaa Woluwe kwa kaka, ila kwetu ni huko huko." Zote mbili ni kweli, na mimi sicheki tena.

Nyie je, nyumbani kwenu wanasemaje? Rafiki yangu wa Bukavu anasema "naikala". Waulizeni wazee wikiendi hii, mtuambie.