Shukrani Zilizokawia



Tangu nilipopewa kazi ya Bwana Shamba upande huu, mmeniletea pongezi nyingi, wengine kwa barua, wengine kwa simu, na wazee kadha wa kadha kwa miguu yao wenyewe. Nawashukuru nyote, wakubwa kwa wadogo. Barua zenu zilifika mwezi wa Oktoba, mvua za vuli zikikaribia, na kila mkulima wa Ukambani ajua kwamba mvua hizo ndizo tunazozitegemea zaidi, wala hazimngoji mtu aandike barua. Kwa hiyo tulitangulia kuyatengeneza matuta mashambani. Sasa kunde zimevunwa, nami nashika kalamu. Kawia ufike.

Katika pongezi hizo yamo maneno mawili yanayodai jibu.

La kwanza ni hili: "Sasa tumepata mtu wetu." Mapenzi hayo nayapokea kwa mikono miwili. Lakini ikiwa maana yake ni kwamba jamaa zangu watatangulia kupewa mbegu, hayo hayatakuwa. Cheo ni dhamana, na orodha ya wakulima ni moja tu.

La pili ni hili: "Sasa watu watatii." Hapa yafaa tukumbuke mambo ya wazee wetu. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Wakamba kuuza ng'ombe wao, ikisema kwamba mifugo imezidi na udongo unakwisha. Watu kwa maelfu walikwenda Nairobi pamoja na Muindi Mbingu, wakakaa huko majuma kadhaa. Yeye alikamatwa akahamishwa mpaka Lamu. Lakini kabla ya mwaka kwisha, serikali iliacha kuwauza ng'ombe hao kwa nguvu. Amri haikuuponya udongo.

Katika miaka ya 1950 vikundi vya mwethya, vyenye akina mama wengi na viongozi waliochaguliwa na wenzao, vilichimba matuta mengi katika vilima vyetu. Tena mtindo wa fanya juu, yaani kuchimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu wa mteremko, ulienea kwa sababu wakulima waliiona faida yake kwa macho: maji yalikaa shambani, na udongo haukwenda mtoni.

Basi, ndugu zangu, msinitii tu, niulizeni. Mkiona shauri langu halifai katika shamba lenu, niambieni waziwazi mbele ya mwethya, nami nitasikiliza.

Ingawa mimi si mgeni Mumbuni, katika kazi hii ni mgeni, na mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku za pongezi zimekwisha. Jembe naliomba.

Ni mimi mtumishi wenu,
Bwana Shamba, Mumbuni.