Tundu Si Ila

Ubishi uliozuka baina ya wakusanyaji wa sarafu kongwe wa Mbeya na Iringa, kwamba rupia ya Kijerumani iliyotobolewa ili ivaliwe haina hadhi ya kuwekwa sandukuni pamoja na wenzake, bali ipelekwe kwa sonara ikayeyushwe, umenikera kwa muda mrefu, na kwa kuwa waandishi wetu kadhaa wameugusa katika toleo hili, naona ni wajibu wangu kusema waziwazi kwamba tundu lile ni hati, na anayeiyeyusha rupia ile amechoma hati.

Wanaolidharau tundu husema wanafuata desturi ya Ulaya. Lakini Ulaya yenyewe yawakanusha. Groshi ya Prague, fedha iliyoanza kupigwa mwaka 1300 katika enzi ya Mfalme Václav wa Pili kwa madini ya Kutná Hora, ilipoenea katika miji ya Ujerumani, iligongwa katika karne ya 15 alama ndogo za miji iliyoikubali. Na leo mkusanyaji mwenye maarifa huzitafuta alama zile kwa shauku, kwa kuwa ndizo ithibati ya safari ya fedha ile. Basi lililo sharafu kwa groshi litakuwaje aibu kwa rupia ya Kalenga au Tukuyu?

Itazameni pia reale ya Maria Theresa, sarafu ya Austria ambayo nayo ilitobolewa ikavaliwa: aghalabu huwa na mwaka 1780, hata iliyopigwa zaidi ya karne moja baadaye, iwe Vienna, London au Bombay, hivyo tarehe yake haitufai kitu. Tundu ndilo lifaalo, maana lenye ukingo uliolainika limevaliwa miaka mingi, na lenye ukingo mkali limetobolewa juzi kwa ajili ya soko.

Na rupia haikupanda nyanda zetu za juu kwa biashara peke yake. Rupia 5,000 ziliahidiwa na Wajerumani kwa atakayeleta kichwa cha Mtwa Mkwawa wa Wahehe, aliyefariki mwaka 1898, na ni katika mwaka huo ambapo kodi ya nyumba ilianza kutozwa. Mama aliyeitoboa fedha ya namna hiyo akamvika bintiye shingoni, kwa itikadi yangu, aliikomboa kutoka mkononi mwa karani wa kodi, akaipa kazi ambayo serikali haikuikusudia.

Kati ya makala nyingine za toleo hili, ile ya hela zilizopigwa Tabora mwaka 1916 ni ya manufaa. Ile ya shilingi ya Afrika ya Mashariki itawaridhisha wapimao madini. Na nasaha ya kutosugua fedha kwa majivu na ndimu isomwe mara mbili.

Nanyi mlio na rupia yenye tundu, kabla ya kuuliza bei yake, muulizeni bibi aliyewarithisha ilivaliwa na nani, katika kijiji gani, na siku ya jambo gani. Kisha andikeni jawabu lake kwenye karatasi, mkaliweke pamoja na fedha ile, kwani fedha itadumu, na bibi hatadumu.